Bembea za maonyesho ya kilimo Nakuru: uzoefu wangu

Eneo la michezo katika maonyesho ya kilimo ya Nakuru lina thamani ya pesa yake, ila si kwa kila chombo wala si kwa kila saa ya mchana. Nililitembelea mwezi wa Julai pamoja na wapwa wangu wawili, msichana wa gredi ya sita na mdogo wake ambaye bado anaogopa kupanda roshani ya ghorofa ya kwanza, na ninaandika kwa ajili ya mzazi anayejiuliza iwapo kuna haja ya kulipa kiingilio cha uwanjani kisha alipe tena tiketi ya kila bembea. Ajue mapema kwamba malipo hayo ni mawili tofauti. Vyombo tulivyopanda vilikuwa vya wafanyabiashara wanaokodi nafasi uwanjani, ambao huvifungua, huvipakia malorini na kuvisimamisha tena katika mji mwingine wenye maonyesho, kwa hiyo ubora wake hutegemea zaidi mkono wa anayeviendesha kuliko jina la uwanja.

Wako watu wazima wanaolalamika kwamba bembea hazina kazi mahali pa ng'ombe wa maziwa na mbegu za mahindi, na mmoja wao tuliketi naye meza moja wakati wa chakula. Sikubaliani naye. Ni kweli kwamba chama kinachoandaa maonyesho haya kilianzishwa mwaka wa 1901 kwa ajili ya kilimo na mifugo, wala si kwa ajili ya watoto kuzungushwa, lakini mashine za burudani zilitoka shambani. Frederick Savage, fundi wa King's Lynn nchini Uingereza, alikuwa akiunda mashine za kilimo za mvuke kabla ya kuifanya nguvu hiyo izungushe duara la farasi wa mbao katika karne ya 19. Farasi wake walining'inizwa kwenye vyuma vilivyopinda juu ya vichwa vyao, na vyuma hivyo vilipozunguka, farasi wakapanda na kushuka kana kwamba wanakimbia. Kwa hiyo farasi wa plastiki aliyesimama hatua chache kutoka kwenye banda la matrekta ni binamu aliyekuja kuwatembelea jamaa zake.

Nitaanza na gurudumu kubwa kwa sababu ndilo lililonifurahisha kuliko vyote. Gurudumu mashuhuri la kwanza la aina hii lilijengwa na mhandisi wa madaraja, George Ferris, kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka wa 1893. Lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi, vyumba 36 vya kubeba watu 60 kila kimoja, na abiria alilipa senti 50 za Marekani apate mizunguko miwili. Lilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kuhamahama, na mwaka wa 1906 lilibomolewa kwa baruti. Gurudumu la Nakuru ni la ukoo mwingine. Fundi mwingine wa madaraja, William Sullivan, aliyelipanda lile la Chicago, ndiye aliyetengeneza la futi 45 mwaka wa 1900, dogo kiasi cha kuweza kufunguliwa na kusafirishwa, na haya yanayozunguka katika maonyesho yetu yanafuata wazo lake.

Mwendeshaji wa gurudumu hilo alikuwa kijana makini. Hakuwaruhusu watu wapande kwa kufuata foleni tu, bali alijaza kiti kimoja, akalizungusha gurudumu nusu, akajaza kiti cha upande wa pili, kisha akarudi kwenye cha tatu, huku watu wa nyuma wakinung'unika kwamba anapendelea. Kumbe alikuwa akisawazisha uzito, maana gurudumu lililojaa upande mmoja huilemea mota linapopanda na hukimbia lenyewe linaposhuka. Mpwa wangu mdogo alipokataa kukaa, kijana alimwambia, "Kaa katikati, mjomba atakushika," akanigeukia, "Mzee, mkono wako upite mbele yake mpaka nifunge chuma." Tulipofika juu tuliona mlima Menengai wote upande wa kaskazini, na upande wa kusini, kuliko na ziwa, weupe uliochanganyika na mawingu. Mdogo alifumbua macho mzunguko wa pili ulipoanza. Kiti hakipinduki kwa sababu kimening'inizwa kwa mhimili ulio juu ya uzito wake, lakini maelezo hayo hayamsaidii mtoto anayekiona kikiyumba. Kinachomsaidia ni kutokutikisa kiti kwa makusudi, jambo ambalo vijana waliokuwa nyuma yetu hawakulijua.

Viti vya minyororo, vile vinavyozungushwa hewani vikiwa vimening'inia, vilikuwa vya pili kwa uzuri. Dada mtu alihofu kwamba kwa wepesi wake angerushwa mbali kuliko watu wazima, na nilifurahi kumwonyesha, tukiwa bado chini, kwamba mwanamume mnene na mtoto mwembamba walioketi kwenye safu moja walikuwa wakiinuka kwa pembe ileile. Uzito hauhesabiki hapo. Kinachoamua ni kasi na umbali wa kiti kutoka katikati. Alipanda, akateremka akitaka kupanda tena, nami nikalipa.

Magari ya kugongana sikuyapenda. Yale ya zamani huchota umeme kwenye wavu wa darini kwa mlingoti ulio nyuma ya gari, lakini haya yalikuwa ya betri, na kufikia alasiri betri zilikuwa zimechoka kiasi kwamba kugongana kulikuwa kama kusalimiana. Muda wa kuendesha haukufika urefu wa wimbo mmoja wa redio iliyokuwa ikipiga kelele pale. Anayeyataka aende asubuhi.

Kwenye meli inayobembea, ile ambayo tairi lililofichwa chini ya tumbo lake huisukuma kila inapopita, nilikataa kupanda na nikawakataza watoto. Mwendeshaji alikuwa akipokea pesa na kuongea na simu, na chuma cha kuzuia abiria katika safu ya mwisho kilikuwa kimefungwa kwa kamba. Safu ya mwisho ndiyo inayopanda juu zaidi, na ndiko mtu huhisi mwili ukiinuka kutoka kitini chombo kinapogeuka. Nilimweleza, akasema kamba ni imara. Huenda ilikuwa imara, lakini kamba si kifungio, na mzazi asione haya kuondoka na tiketi mkononi.

Kasri la hewa la kurukia, ambalo asili yake ni kazi ya Mmarekani John Scurlock mwishoni mwa miaka ya 1950, lilimfaa mdogo. Hewa huvuja kwenye mishono yake wakati wote na kipulizio huijaza tena, kwa hiyo mlio ule wa mfululizo ni dalili njema. Ukikoma, watoto watolewe mara moja. Lililonipendeza ni kwamba msimamizi aliwatenganisha wakubwa na wadogo, na upepo ulipoanza kuvuma kwa nguvu alasiri, aliwatoa wote na kukagua vigingi vya pembeni kimoja baada ya kingine. Baadhi ya wazazi walidai warudishiwe pesa, naye akawarudishia bila ubishi.

Kwa atakayekwenda mwaka ujao: bembea nyingi zilipokea malipo kwa simu, lakini mtandao ulilemewa watu walipojaa, kwa hiyo noti ndogo ndogo zinafaa. Wabebee watoto masweta, kwani jioni ya Julai Nakuru ni baridi na juu ya gurudumu ni baridi zaidi. Chakula kiliwe baada ya viti vya minyororo.