Koti la mtumba lilinifaa Leipzig, buti ziliniangusha

Januari usharika wetu hapa Moshi ulituma watu sita kwenda Leipzig, Ujerumani, kuhudumu kwa wiki mbili. Wamisionari wa Leipzig ndio waliofika kwetu Kilimanjaro na Injili mwaka 1893, kwa hiyo niliiombea sana safari hii. Viza, bima na nauli vilikomba akiba yote. Nguo za baridi nikazitafuta soko la Memorial, kwenye mitumba.

Koti nililipata kwa shilingi 45,000. Kaka aliyekuwa anafungua belo aliniambia, "Mama, usiangalie uzito, liminye." Nililiminya likanywea lote kiganjani, nilipoliachia likaumuka taratibu kama unga wa maandazi. Ndani lilikuwa na lebo ya Kijerumani: 90% Daunen, 10% Federn. Mama aliyenipokea Leipzig ndiye aliyenieleza kwamba ni manyoya laini ya ndege, asilimia 90. Basi lilikuwa limerudi nyumbani! Asubuhi moja ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri, tukasubiri tramu, treni ya barabarani, hadi kope zikawa zinauma, lakini kifuani nilikuwa na joto kama niko jikoni. Na ni jepesi, kwenye ndege ya kupitia Addis Ababa nililikunja nikalifanya mto.

Mkinunua, jaribuni zipu mara kadhaa, juu hadi chini. Ndani vaeni nguo nyepesi kadhaa badala ya sweta moja zito, maana ndani ya tramu na majumbani kuna joto kali na utatoka jasho. Mzula, glavu na mafuta ya mgando, msisahau.

Buti ndizo zilizonitesa. Nilizinunua palepale, ngozi inang'aa, soli nene, nikajiona nimepata. Siku ya tatu tulikuwa tunaelekea Nikolaikirche, kanisa ambalo maombi yake ya amani ya kila Jumatatu yalitangulia maandamano makubwa ya 1989 dhidi ya serikali ya Ujerumani Mashariki. Nilikuwa na hamu kubwa ya kusali mle. Kabla hatujafika, soli ya kulia ikabanduka, kisha ikaanza kumomonyoka vipande vipande kama keki iliyokauka. Theluji ikaingia, soksi ikalowa, vidole vikafa ganzi. Nilisali nikiwa nimeukunja mguu chini ya benchi, nalia kwa maumivu.

Fundi viatu wa huko alinionyesha kwamba soli za namna ile huoza zenyewe zikikaa miaka mingi bila kuvaliwa, na kwa nje huoni kitu. Gundi haisaidii. Nilinunua mpya kwa euro 60, fedha niliyokuwa nimewawekea watoto zawadi.

Kwa hiyo koti la mtumba nunueni bila wasiwasi. Viatu nunueni vipya, hata kama itabidi mchangiwe. Langu nimeshalifua na kulianika. Ni saizi L, na mwenzetu anayeondoka Februari ameshakuja kulijaribu.