TAHADHARI: Primrozi za "kitaluni" zilizochimbwa msituni

Wapenda bustani wenzangu mlioko Uingereza, someni hii kabla hamjatuma pauni zenu.

Mwezi wa tatu niliona mtandaoni mtu anauza primrozi za asili, yale maua madogo ya porini ya manjano mpauko, mashina 20 kwa pauni 12, eti "zimeoteshwa kitaluni kwetu". Nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Akaniomba nitume hela moja kwa moja benki ili tukwepe makato. Hapo nilipaswa kushtuka, lakini tamaa ilishaniingia.

Kifurushi kilifika siku ya tisa: mfuko wa nailoni umejaa jasho, majani yamelala kama mchicha wa jana. Nikamwaga kwenye karai nisuuze mizizi. Mmea uliokulia kwenye kopo, mizizi yake hushika umbo la kopo. Hii ilikuwa imekatwa kwa sepetu upande mmoja, imekumbatia majani ya miti yaliyooza, na katikati yake vitunguu (viazi vya kuoteshea) vitatu vyeupe vya blubeli, ua la bluu la msituni. Blubeli za porini zimepigwa marufuku kuuzwa hapa tangu 1998! Na primrozi zenyewe, sheria ya 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Yaani nimelipia mali ya wizi.

Zimepona nne tu. Ziko kivulini chini ya mtufaha, moja imechanua, na kila nikiipita naona haya kidogo.

Nilipomdai pasipoti ya mimea alijibu, "Ya nini, kwani inasafiri?" Ndiyo, ina pasipoti: mmea wa kupanda unaouzwa mtandaoni lazima uje na kibandiko chenye jina la kisayansi, namba ya usajili ya kitalu na nchi ulikotoka. Kesho yake akaunti ikatoweka, na kwa kuwa nililipa pembeni, sikurudishiwa hata senti.

Ukikutana na bei za namna hiyo, omba picha ya mizizi nje ya kopo na picha ya hicho kibandiko. Mwenye kitalu wa kweli hatasumbuka kukutumia.

Juzi nimeona picha zilezile, jina jipya, bei imeshuka hadi pauni 10. Nyuma ya maua kuna ukuta wa matofali na ndoo ya bluu iliyovunjika mpini. Mkiiona hiyo ndoo, ndiye huyo.