Taa nyekundu ya wati 250 kwenye kipupwe cha Njombe: nunua holda kwanza

Kipupwe kikiingia Nyanda za Juu Kusini, ukienda duka la mifugo kulalamika kwamba vifaranga wanajikunyata na kufa usiku, utaonyeshwa taa nyekundu ya infraredi ya wati 250. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule kwenye uwanda wa Kitulo sakitu (umande ulioganda) hulala majanini alfajiri, kwa hiyo muuzaji hakudanganyi. Taa yenyewe ni nzuri. Balaa huanzia kwenye holda (kishikio cha taa), waya na umeme unaokatika.

Taa hii haipashi sana hewa. Inapasha kile ambacho mwanga wake unakigusa: mgongo wa kifaranga, maranda, chombo cha maji. Kwa hiyo hata kwenye banda la mbao lisilozibwa vizuri bado inamfikia kifaranga. Kwa sababu hiyohiyo kipimajoto cha ukutani hakikusaidii: kinaweza kusoma nyuzi 18 huku chini ya taa ni 34. Kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga, kama sentimita 5 juu ya maranda. Wiki ya kwanza kisome kati ya 32 na 35, kisha kila wiki punguza kama nyuzi 3 kwa kuipandisha taa. Anza na sentimita 45 hadi 50 kutoka kwenye maranda. Taa moja ihudumie vifaranga 50. Ukiambiwa 100, hiyo ni hesabu ya Dar es Salaam.

Kipimajoto kikikuchanganya, chungulia saa nne usiku. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, ishushe. Wakikimbilia ukingoni, mabawa wameyaachia na midomo iko wazi, ipandishe. Wakibanana upande mmoja tu, usiiguse taa: kuna upepo unaingia upande wa pili, utafute uuzibe. Waliolala wametawanyika, shingo zimenyooshwa kwenye maranda, hao wameridhika. Rangi nyekundu nayo ina faida yake: vifaranga hupata usingizi, na kudonoana hupungua kuliko chini ya taa nyeupe.

Sasa holda. Ile ya plastiki ya taa ya sebuleni hulainika kwa joto hili, taa ikachomoka na kuangukia maranda makavu, na banda zima likaungua. Dai holda ya kauri, yenye kikombe cha bati na wavu wa waya mbele. Ining'inize kwa mnyororo au waya wa chuma, kamwe usiining'inize kwa waya wake wa umeme. Funga na mnyororo wa pili wa akiba, maana kuku mmoja akiruka anatosha kuitikisa ndoano ikaachia. Taa moja hula ampea 1 na kidogo, ila ukichomeka nne kwenye ekstensheni ya bei rahisi, soketi zake huanza kunuka. Na chombo cha maji kisikae chini yake moja kwa moja: tone likirukia kioo cha moto, taa nyingi za bei ya chini hupasuka papo hapo.

Gharama ni uniti 6 kwa saa 24, yaani uniti 126 kwa wiki tatu. Piga hesabu hiyo kwa bei ya LUKU yako kabla ya kubeba taa ya pili.

Udhaifu mkubwa ni umeme ukikatika: joto la taa huondoka nao saa hiyohiyo. Chungu cha mkaa hupoa polepole. Taa haina akiba. Vifaranga wa siku tano hupandana kutafuta joto, na wa chini hukosa hewa. Basi weka tayari madumu mawili ya lita 5. Umeme ukienda, yajaze maji ya moto, yafunge kwa gunia na uyalaze ndani ya kizuizi cha vifaranga, yaani uzio unaowazunguka. Ukitumia mkaa, uwashe nje mpaka uwe mwekundu wote, na uache nafasi ya hewa juu ya ukuta. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, hata moshi ukiwa umekwisha. Kizuizi chenyewe kiwe cha duara, kimo sentimita 45. Kwenye kona ndiko wanakobanana na kufa.

Kwa kuku wakubwa, usiinunue. Kuku mwenye manyoya kamili, kuanzia wiki ya sita hivi, ana koti lake. Kinachomsumbua Julai ni unyevu na upepo unaopita usawa wa kichanja. Kosa la kawaida ni kuziba banda kwa turubai kuanzia chini hadi paa: asubuhi bati linadondosha maji, maranda yanalowa, harufu ya mkojo inachoma macho, na mafua yanafuata. Ziba chini mpaka juu kidogo ya vichwa vyao wakiwa kwenye kichanja, na uache sentimita 20 wazi chini ya paa. Pesa ya taa nunulia maranda, unene wa sentimita 10, na konzi ya mahindi makavu kwa kila kuku wanne au watano kabla hawajapanda kulala.