Foki ya kuteremkia milima ya Kigoma: ipi uinunue, ipi uiache

Ukishuka kwa baiskeli kutoka Manyovu kuja Mwandiga kwa lami, foki yoyote, yaani ule uma unaoshika gurudumu la mbele, itakufikisha. Shida huanza ukiiacha lami na kufuata vijia wanavyoshukia wabeba ndizi na mkaa: mawe yaliyolegea, mifereji iliyochimbwa na mvua, mizizi ya miembe. Huko ndiko foki inakoulizwa jina lake.

Naanza na ya mwisho katika orodha yangu, kwa sababu ndiyo iliyonila hela. Ni zile foki mpya ambazo miguu yake inashikwa na mabano mawili, moja chini ya shingo ya fremu na jingine juu yake, kama za pikipiki, rangi inawaka, ndani hamna kitu zaidi ya springi na grisi. Ukiwa dukani unaibonyeza, inazama vizuri, muuzaji anatabasamu. Kwenye mawe inarudi paa, kama mtego wa panya! Springi isiyo na mafuta ya kuituliza hukurudishia kila jiwe uliloligonga, na gurudumu la mbele likishaachana na ardhi huna breki wala usukani. Mimi niliijaribu wiki mbili, nikaing'oa.

Foki halisi za mabano mawili, mfano Fox 40 au RockShox BoXXer, zipo na ni kazi safi. Zinabonyea kiasi cha milimita 200, na zinataka fremu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukiifunga kwenye fremu ya kawaida, sehemu ya mbele inapanda juu na shingo inabebeshwa nguvu isiyoiweza, hadi fremu ichanike. Ndiyo maana nimeiweka ya nne.

Ya tatu ni foki mpya ya bei ya chini ya springi, lakini yenye mafuta ya kutuliza katika mguu mmoja. Inatosha kwa njia za wastani. Soma stika iliyobandikwa mguuni: nyingi zimeandikwa wazi kwamba si za kuteremka kwa kasi, na aliyeandika hakuwa anatania.

Ya pili itawaudhi vijana: foki kavu ya chuma, isiyo na shokapu kabisa. Iwekee tairi pana, punguza upepo kidogo, na utaishinda ile ya mtego wa panya kila siku. Haina sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasitoke, ya kuvuja, na fundi yeyote pale Mwanga mjini Kigoma ataifunga akipiga soga.

Ya kwanza kwangu ni foki ya upepo, yaani inayobebwa na hewa badala ya springi, ya mtumba kutoka kampuni inayojulikana, ibonyee milimita 100 hadi 140 kulingana na fremu yako. Usihangaishwe na milimita. Mwaka 1990, kwenye mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Marekani, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka kwa foki ya RockShox ya wakati ule, iliyobonyea milimita zisizofika 50. Mimi siizidishii fremu zaidi ya milimita 20 juu ya ile iliyokuja nayo.

Hapa kwenye mtumba ndipo watu wanapopigwa. Kwanza pima bomba la shingo, lile la foki linaloingia ndani ya fremu: mwenye foki wa zamani alilikata kulingana na fremu yake, na likiwa fupi kwako hakuna dawa. La kawaida lina unene wa milimita 28.6, juu hadi chini. Zile zinazonenepa chini hazipiti kwenye fremu za zamani. Angalia ekseli, kwani foki ya ekseli ya milimita 15 haipokei gurudumu la ekseli nyembamba. Nyingi pia hazina mahali pa kufunga breki za ringi, zinataka diski. Kisha pitisha ukucha kwenye miguu inayong'aa. Ukikwama kwenye mkwaruzo, sili itavuja. Foki ikifungwa, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigongagonga, imelegea ndani. Kama unaagiza Dar ije kwa basi, mwambie anayekununulia apime yote haya na akutumie picha kabla hujalipa.

Kuiseti si uchawi. Funga mpira wa kufungia noti kwenye mguu unaong'aa, ushushe hadi kwenye sili. Panda na mzigo wako wa kawaida, simama juu ya pedeli, shuka taratibu. Pima nafasi kati ya mpira na sili. Kwa mteremko, foki iwe imezama robo ya milimita inazobonyea, au zaidi kidogo: milimita 25 hadi 30 kwa foki ya 100. Imezama sana? Ongeza upepo kwa pampu maalumu ya shokapu yenye geji. Pampu ya tairi haiwezi kazi hii. Halafu kasi ya kurudi: kitufe chake mara nyingi ni chekundu, chini ya mguu wa kulia. Anza katikati. Gurudumu likirukaruka, punguza kasi hiyo ya kurudi. Foki ikizidi kuzama kwenye mawe yanayofuatana, inarudi polepole mno, iongezee. Badilisha kitu kimoja tu kila safari, na uandike.

Vumbi letu jekundu halina huruma kwa sili. Futa miguu kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, na mafuta ya ndani yabadilishwe baada ya kila saa 50 za kuendesha, mapema zaidi ukipita kwenye matope ya masika.