Uzoefu wangu: Shahada ya uzamili ya utatuzi wa migogoro, na wapi ada yako inakwenda

Nimeisoma shahada hii kwa ratiba ya jioni katika chuo kimoja hapa Tanzania, miezi 18. Chuo sikitaji, kwa sababu mazuri na mabaya yake utayakuta kwingine pia. Naipa nyota nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za mazoezi ya usuluhishi.

Shahada ya uzamili kwetu huanzia krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800. Kabla hujalipa chochote, omba mtaala, kisha hesabu ni saa ngapi kati ya hizo utakaa kwenye kiti cha msuluhishi huku mtu anayeijua kazi anakutazama. Usipoziona, tafuta chuo kingine.

Nadharia haina shida. Amani hasi (vurugu hazipo) na amani chanya (dhuluma nazo hazipo) za Johan Galtung, mtaalamu wa masomo ya amani kutoka Norway, mitindo ya kukabili mgogoro, hayo msomaji makini anayamaliza kwa wiki chache. Mifano halisi ndiyo inayofungua macho. Kenya ya 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, kwa mfano: mazungumzo chini ya wasuluhishi Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa yalianza mwishoni mwa Januari, mkataba ukatiwa saini 28 Februari. Angalia mpangilio wa ajenda. Kwanza kukomesha vurugu, pili misaada kwa waathirika, tatu madaraka, nne ardhi na dhuluma za muda mrefu. Mawili ya mwanzo yalikubaliwa haraka, na pande zilipofika kwenye madaraka zilikuwa zimeshaonja kukubaliana. Halafu weka pembeni yake Mkataba wa Arusha kuhusu Burundi, wa 28 Agosti 2000: makundi ya waasi ya CNDD-FDD na FNL hayakuwamo, na vita viliendelea. Mwalimu mzuri atakulazimisha uchore nani hayupo mezani kabla hujagusa hoja yoyote.

Sasa mazoezi, yaani kuigiza kikao cha usuluhishi. Kundi bora ni la watu watano: wawili kila upande na msuluhishi mmoja, likiwa na wa sita awe mtazamaji. Kila upande unapewa karatasi yake ya siri. Dakika 60 za kikao, dakika 30 za kukosoana. Yanapoharibika, huharibika kwa njia zilezile: watu wanaonyeshana karatasi, kwa hiyo hakuna siri ya kuitoa kwenye kikao cha faragha (msuluhishi na upande mmoja tu), kikao kinakula muda wa kukosoana, na humo ndimo mtu anamojifunzia, darasa lina watu 40 na mhadhiri mmoja, makundi mengi hayaonwi na mtu. Dawa ya hilo la mwisho ni simu. Rekodini kikao, mkitazame pamoja.

Kasoro kubwa ya shahada hii kwetu ni lugha. Unafundishwa kwa Kiingereza, unasuluhisha kwa Kiswahili, na hakuna anayekuonyesha daraja. Kitabu kinasema tafuta maslahi yaliyo nyuma ya msimamo. Ukimwuliza mkulima wa Kilosa anayegombana na mfugaji, "Maslahi yako ni yapi?", atasikia unamtuhumu kutafuta fedha. Uliza, "Ng'ombe wakiacha kupita hapo, kwako kitabadilika nini?" "Kwa nini uliwapitisha pale?" ni swali la kituo cha polisi, "Ilikuwaje wakapita pale?" humfanya mfugaji aeleze. "Nakuelewa" upande wa pili huusikia kama "nakubaliana naye", kwa hiyo sema, "Nimekusikia, umesema hivi na hivi," umwache asahihishe. Hata pole ina hatari yake. Itoe kwa wote wawili wakati wa ufunguzi, la sivyo umeshaegemea. Jiungeni watu wachache mfanye mazoezi kwa Kiswahili nje ya darasa. Hilo ndilo ninalolisisitiza kuliko yote.

Hati ya makubaliano nayo hufundishwa kwa haraka mno. "Pande zitaheshimiana" haina kazi. Andika: ng'ombe watapita magharibi ya mfereji, kuanzia mwembe mkubwa hadi lamboni, baada ya mavuno tu, uharibifu ukitokea, bwana shamba atakagua ndani ya saa 48, pande zote zikiwepo. Saa 48 si mapambo. Mahindi yaliyokanyagwa yakishachipua upya au kung'olewa, hakuna tena cha kupima na ugomvi unaanza upya.

Kagueni pia umri wa vitini vya masomo. Bado vipo vinavyofundisha kwamba Baraza la Kata linaamua kesi za ardhi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila mwafaka, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwanafunzi asiyejua hili atampotosha mtu mwenye shamba lake.

Kwenye tasnifu, usichague mgogoro unaowaka. Vibali vitakwama, na unayemhoji leo ndiye atakayeulizwa kesho alisema nini. Chukua mgogoro uliokwisha kusainiwa miaka miwili au mitatu nyuma, uulize ni kifungu gani kimeshika na kipi kimekatika. Barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, ndipo kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Tenga mwezi mzima kwa hizo barua tu. Saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita kuinukuu (kuiandika neno kwa neno), na kuitafsiri ni kazi nyingine juu yake. Mahojiano 20 ya saa moja yaliyonukuliwa vizuri yanatosha. 40 yatakumaliza kabla hujaanza kuchambua.