Kwa sisi tusiokula nyama, hiki kibanda cha Ngara ni cha uhakika

Nimekula hapa karibu kila siku ya kazi tangu Januari kwa hivyo naongea kitu nakijua. Kibanda hakina jina, ni mabati ya bluu tu hapo Ngara, Nairobi, ukishuka steji uliza chapo ndengu utaonyeshwa.

Niliacha nyama mwaka jana na tangu hiyo siku kila mtu, kuanzia mamangu mpaka makanga, ananiuliza "sasa protini utatoa wapi?" Nikaanza kuogopa pengine wako sawa juu miezi ya kwanza ikifika saa nane mchana nilikuwa nimechoka kama mtu ameshinda akibeba magunia Marikiti. Kumbe nilikuwa nimetoa nyama na sijaweka kitu mahali pake, ni ugali sukuma, wali kabeji, chipsi, basi. Kuna mkahawa wa tao niliagiza sahani yao ya wasiokula nyama, shilingi 650, ikaletwa spinachi, karoti na mlima wa wali, hata punje moja ya maharagwe hakuna. Nililipa nikatoka na njaa na iliniuma sana.

Hapa kwa mathe ndengu na chapati mbili ni 130, na ndengu zenyewe ni nzito. Akiinua upawa zinashuka polepole, punje unaziona zimepasuka ngozi lakini hazijavurugika, kitunguu kimeiva mpaka kikapotea, dania juu. Siku moja nikabeba kwa kopo hadi nyumbani nikazipima kwa mizani ya jikoni, gramu 280. Ndengu zilizopikwa zina kama gramu 7 za protini kwa kila gramu 100, sasa ukitoa mchuzi hapo una kama 16, chapati mbili zinaongeza karibu 10. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili wake, mimi niko kilo 62 so ni kama 50 kwa siku. Yaani saa saba mchana nishapiga nusu! Glasi ya mala jioni ni kama 8, njugu za kujaza kiganja kama 7, githeri ya usiku inamaliza hesabu. Na usitupe chapati ukidhani ni ya kujaza tumbo tu, protini hujengwa na vipande vidogo vidogo, ngano ina kidogo kile kinaitwa lisini na ndengu zinacho tele, ndengu nazo zinapungukiwa kingine kinaitwa methionini na ngano inacho, zinasaidiana vile mahindi na maharagwe yanasaidiana kwa githeri.

Kitu kingine nampendea ni ukweli. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mathe, hizi hamjatia supu ya nyama?" akaniambia ndengu na njahi hapana, lakini maharagwe ya Ijumaa anayakaanga na supu ya mifupa, "hayo usikule, kijana wangu." Angeweza kunyamaza na nisingejua. Sasa akiniona kwa laini anashika ule upawa wa mpini mwekundu ambao hauingii kwa sufuria ya matumbo.

Kachumbari ni ya bure na anakamulia limau, itisha, juu madini ya chuma yaliyo kwa ndengu mwili unayachukua vizuri zaidi ukila na kitu chenye vitamini C. Chai ya rangi ngojea kwanza, iko na vitu vinazuia hayo madini, mimi nainywa baada ya saa moja hivi.

Mabaya yapo. Benchi ni mbili tu utakula ukiwa umesimama, mvua ikinyesha maji yanapita hapo chini ya miguu, na chumvi Jumatatu huwa inazidi, nimemwambia mara mbili. Pia usitegemee hapa kwa vitamini B12, hiyo haimo kwa ndengu wala maharagwe, ndo maana mimi mala siachi, na kama hunywi maziwa na huli mayai basi tafuta vidonge.

Alhamisi ni njahi. Saa saba u nusu sufuria imeisha na haongezi, kwa hivyo fika saa sita, na beba kopo lako maana karatasi ya nailoni hana.