Uzoefu wangu: tamasha la Amelia Earhart, kule kitovu chake kilikozikwa

Nimerudi Unguja wiki ya pili hii na kila nnaekutana nae ananiuliza New York kukoje, na miye New York sikufika kabisa, nilikwenda kwa kakangu Kansas City na kitu kilichonikaa moyoni ni sherehe ya mji mdogo unaitwa Atchison, kama saa moja kwa gari toka kwake, wakaazi wake elfu kumi na kitu tu. Kila Julai wanamfanyia tamasha mtoto wao Amelia Earhart, mwanamke wa kwanza kurusha ndege peke yake kuvuka bahari ya Atlantiki, mwaka 1932. Naandika kwa yoyote mwenye ndugu pande zile, na hasa mwenye mtoto wa kike.

Miye nilikwenda na mwanangu wa miaka 12. Tangu siku aliyopanda kile kindege kidogo cha kwenda Pemba akakalishwa nyuma ya rubani, hana habari nyengine, skuli ndege, nyumbani ndege.

Asubuhi tulianzia nyumba aliyozaliwa, nyumba ya mbao nyeupe ya babu yake mzaa mama, imekaa juu ya ngema inautazama mto Missouri. Alizaliwa humo tarehe 24 Julai 1897. Sasa ni makumbusho na wenye nayo ni chama cha marubani wanawake kinaitwa Ninety-Nines, yani Tisini na Tisa, maana walipoanza 1929 waliojiandikisha walikuwa 99, na Amelia akawa rais wao wa kwanza. Nilisimama dirishani muda mrefu. Mto rangi ya chai ya maziwa, unakwenda taratibu, nikawa namfikiria yule mtoto wa miaka 7 alojitengenezea njia ya mbao toka juu ya paa la banda akajitia kwenye sanduku akateleza nalo mpaka chini, akainuka mdomo umeumia na nguo imechanika na furaha imemjaa kwamba ni kama kuruka. Sie wengi mtoto kama huyo tungemtandika.

Kwenye uwanja wao wa ndege mna makumbusho mengine yamefunguliwa 2023, hapa ndo usipite mbio. Ndani wameiweka Muriel, ndege ya Lockheed Electra 10-E, aina ile ile aliyopotea nayo Amelia, na ndo moja pekee iliyobaki duniani. Jina ni la mdogo wake. Bati lake linang'ara kama sufuria mpya ya harusi na ribiti zimekwenda mistari mistari toka puani mpaka mkiani. Mwanangu aliinama chini ya bawa akaanza kuzihesabu, kidole chake kinafuata kwa mbali, akafika mia tatu na kitu akanambia mama nimepotea, naanza tena. Na akaanza tena kweli. Na kuna chumba cha rubani cha mfano unaingia unakaa mwenyewe, humo kumtoa ilikuwa kazi.

Sasa niwambie kilichonigusa zaidi. Babu yangu wa Wete alikuwa rubani, lakini rubani wa jahazi, wa kujua nyota na miamba na kusi na kaskazi. Tuliporudi nikampelekea mamangu salamu Pemba na kumsimulia yote, kwamba huyu mama 1937 alikuwa anaizunguka dunia, akaikata Afrika toka Dakar mpaka Khartoum akatokea Massawa kwenye bahari ya Shamu, akaenda mpaka Lae kule New Guinea, halafu tarehe 2 Julai akaondoka yeye na Fred Noonan, aloshika ramani na nyota, kutafuta kisiwa cha Howland, kirefu kama kilomita 2 tu katikati ya bahari kuu, na hawakukiona, na hawakuonekana tena. Mama kimya. Halafu akauliza, kaburi lake liko wapi? Nikamwambia hana. Akasema basi hao watu wamefanya vizuri, mtu asiekuwa na kaburi huendewa pale kilipozikwa kitovu chake. Pemba tunao wengi walochukuliwa na bahari, anajua anachosema.

Jioni watu wote huteremka mtoni na viti vyao, kuna muziki, halafu fashifashi zinarushwa juu ya maji. Nimeziona za sherehe za Mapinduzi miaka yote lakini hizi kila moja unaiona mara mbili, juu na ndani ya mto. Ilinijia Mwaka Kogwa wa Makunduchi, nao Julai, vile vile wenyeji wanarudi toka mbali na wazee wanakaa mbele.

Kibaya kimoja, nyumba ya wageni tuliyoweka nafasi mapema tulipofika tukaambiwa chumba keshapewa mtu mwengine, na siku hizo mji umejaa, ikabidi kakangu aendeshe usiku ule ule kurudi. Pesa walirudisha lakini mtoto alilia alitaka alale pale. Kwa hio piga simu mwenyewe siku mbili kabla uhakikishe, na kama unakaa kwa ndugu rudi tu.

Jua la Julai kule kali, beba kofia na maji. Chakula sie tulibeba kuku na chapati za wifi yangu kwa ajili ya halali, na tulikaa tukala chini ya mti bila tabu yoyote. Nyumba aliyozaliwa Amelia nenda asubuhi kabla watu hawajawa wengi, makumbusho ya Muriel yaweke mchana jua likiwa kali maana yako ndani, na mpe mtoto wako muda wa kuhesabu.